Leso Inapeleka, Kikoi Kinarudisha

Kaka yangu hakuwahi kuliendesha lile gari hata siku moja. Naanza na hapo kwa sababu ukipita Mwabungo leo utakutana na mtu atakwambia alimwona nalo barabarani, na mwingine ataapa kabisa kwamba alimpungia mkono. Si kweli. Waliyemwona ni mimi. Kaka wakati huo alikuwa ameshalala mchangani, na sisi wawili tunafanana migongo.

Lilikuwa gari la kuunga nyumbani. Lilikuja kutoka ng'ambo ndani ya makasha ya mbao. Mzungu mmoja wa Galu aliliagiza, akitaka kuliunga mwenyewe uzeeni mwake, kisha akarudi kwao na makasha hata hakuyafungua. Nyumba ilipouzwa, mlinzi akamwita kaka akamwambia njoo uyatoe haya, mchwa washaanza. Ndani mlikuwa na bodi la faiba vipande viwili, kioo cha mbele, usukani, taa zilizofungwa kwa karatasi, na kitabu cha maelezo ambacho mchwa walikuwa wameshakisoma chote.

Kaka alikuwa fundi wa maboti ya faiba kule mahotelini Diani. Akasema kitabu cha nini, hili ni boti lenye magurudumu. Akatafuta gari kuukuu la Kijerumani, lile la mgongo wa kobe ambalo injini yake iko nyuma, akalivua bodi la bati lililokwisha kwa kutu, akabaki na chesi na injini na namba halali, akalivisha lile la faiba. Likawa gari dogo, wazi, halina milango, unaruka ubavuni kuingia. Viti viwili mbele, kimoja kirefu nyuma. Akalipaka rangi ya ndimu. Injini ikawa tayari, breki tayari, usukani tayari. Kilichobaki ni ndani: waya, taa, dashibodi, viti, sakafu. Akaanza waya. Halafu akashikwa na homa, tukampeleka hospitali akitembea kwa miguu yake, tukarudi naye amefunikwa.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapo Ukunda. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kupigwa shoti na kutukanwa na madereva, na nikawatukana pia, mpaka wakaanza kuniletea magari. Mtu atakayesema kaka yangu alikuwa anapoteza wakati na lile gari, mimi naye hatuelewani. Nimeshapigana mpaka kuchaniwa shati mara nyingi kwa jambo hilo.

Baada ya maziko, nguo zake zilitolewa sadaka, kama ilivyo desturi yetu. Waliomuosha walipewa, ustadhi wa chuo cha Kurani akapewa, majirani wasiokuwa nacho wakapewa. Mama alisimamia mwenyewe. Alikuwa hataki kibaki kitu chumbani cha kumliza mtu. Kanzu, suruali za kazi, mpaka viatu vya plastiki. Shemeji yangu, mke wake, akaingia eda hapo hapo kwetu, miezi minne na siku kumi, ndani, nguo za kawaida tu, bila wanja wala manukato. Hawakuwa wamejaaliwa mtoto.

Na mimi kwa shemeji ni mwanamume wa kuweza kumuoa, kwa hivyo katika eda hatuonani. Hilo nalijua tangu nikiwa chuoni. Lakini kulijua ni kitu kimoja na kuishi nyumba moja namna ile ni kitu kingine. Nikikohoa mlangoni, kandambili zinakimbia ndani.

Baba yetu alishatangulia zamani, basi mkubwa wetu ni baba mdogo, anayekaa Waa. Akaja siku moja baada ya arubaini, akalizunguka gari pale bandani, akaligonga bodi kwa kidole.

"Mwanangu," akaniambia, "kuna mambo ya mirathi. Mkewe ana fungu lake, mama yako ana lake, na nyinyi ndugu lenu. Gari haligawiki. Kuna bwana mmoja Diani anakodisha vigari kwa wageni, anaitaka hii injini. Bodi tutampa mtu afugie kuku."

"Kuku?" nikamwambia. "Kuku wa nani?"

"Shusha sauti."

"Sishushi. Mtu amelala chini ya hili gari zaidi kuliko alivyolala kitandani kwake, leo wewe watia kuku."

Mama akatokea jikoni na mwiko mkononi. "Wewe, huyo ni baba yako. Kaa kitako au toka nje."

"Niko nje, mama."

"Basi toka nje zaidi."

Nikaenda nikasimama kwenye mpapai. Baba mdogo akanifuata. Si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea kaka, na udongo wa siku ile ulikaa kwenye kucha zake mpaka hitima. Akaniambia taratibu, "Hujanielewa. Mimi sina haja na injini. Lakini kitu kikikaa hapa kinaoza, watu wataanza kukipunguza, leo taa, kesho gurudumu. Sasa sikiliza. Likiwaka, taa na kila kitu, na likatembea kabla mke wa nduguyo hajatoka eda, tutamuuliza yeye. Akisema likae, litakaa. Lisipowaka, injini inatoka."

"Litawaka."

"Na utamheshimu mama yako."

"Litawaka, baba."

Basi hivyo ndivyo nilivyolianza. Asubuhi iliyofuata nilifunga kibanda changu Ukunda nikaja na begi la vyombo, nikajilaza chali chini ya dashibodi, nikatazama juu. Nikatukana.

Waya zote zilikuwa nyeusi. Magari mengine waya huwa na rangi, nyekundu ya hiki, kijani ya kile, ukiona rangi unajua. Kaka alikuwa ameokota mzingo mzima wa waya kwenye hoteli iliyobomolewa, waya mzuri, wa shaba nzito, lakini mweusi mtupu kama mikia ya panya. Ili asipotee, kila waya alikuwa ameufunga kitambaa. Vipande vidogo vilivyochanwa kutoka leso kuukuu za mkewe. Kimoja kina miraba, kimoja madoadoa, kimoja korosho za pindoni, kimoja maua, kimoja mistari. Vimening'inia pale chini kama kamba ya kuanikia nguo za watoto. Na hakuna popote alipoandika kipi ni cha nini, kwa sababu aliyekuwa akivijua alikuwa naye kila jioni, amemshikia tochi.

Aliyekuwa akivijua alikuwa ndani, nyuma ya dirisha linalotazama lile banda, amefunga pazia.

Nikamwambia mama. Mama akalitazama dirisha, akalitazama gari. Kisha akachukua mbuzi yake ya kukunia nazi, akaja akaiweka katikati, baina ya gari na dirisha, akakaa.

"Uliza," akasema. "Uniulize mimi. Mimi ndiye nitakayemuuliza."

"Yenye miraba ni ya nini?"

Mama akageukia pazia, akanong'ona, akasikiliza, akanirudia. "Anasema taa kubwa. Ya kushoto."

"Kushoto kwa dereva, au kushoto kwa mtu aliyesimama mbele akalitazama?"

"Mimi leo nimefanywa redio?"

"Muulize tu, mama."

Minong'ono. "Anasema kushoto ni kushoto, kwani wewe una mikono ya kushoto mingapi?"

"Hayo amesema yeye au umeyasema wewe?"

"Tumesema sote wawili."

Tukaenda hivyo. Madoadoa ni indiketa. Maua ni honi. Mistari ni wepa za kufutia kioo. Korosho ni taa za breki, na hapo mama alirudi dirishani mara ya pili bila kuulizwa, akaniambia, "Anasema za korosho uziangalie sana. Marehemu alikuwa akisema taa ya mbele ni yako wewe, ya breki ni ya mwenzio aliye nyuma." Nikasema sawa. Ile ilikuwa sauti ya kaka kabisa, imepita vinywa viwili vya wanawake na bado ni yeye.

Nilifunga kila kitu. Nilitia kisanduku cha fyuzi chini ya usukani, nikapitisha waya ndani ya mpira wa kumwagilia maji ili zisikwaruzwe, nikatoboa ubao wa mvule aliouacha kaka kwa ajili ya dashibodi, nikapachika swichi. Betri nikaiweka chini ya kiti cha nyuma. Nikageuza ufunguo. Injini ikanguruma vizuri, mama akasema mashallah. Nikawasha taa.

Hakuna kitu.

Nikawasha indiketa. Hakuna. Honi, hakuna. Nikapima betri, imejaa. Nikapima fyuzi, nzima. Umeme ulikuwa unafika mpaka mgongoni mwa taa, testa yangu inaonyesha, na taa imekodoa macho tu kama maiti. Siku hiyo ikapita. Ya pili ikapita. Siku ya tatu nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa na nikalipiga teke gurudumu.

"Gurudumu limekukosea nini?" mama akauliza.

"Mama, niache."

"Nduguyo alikuwa halipigi."

"Ndugu yangu hayupo," nikamwambia. Kwa sauti kubwa. Ndani, cherehani iliyokuwa ikilia tangu asubuhi ikasimama.

Nilikaa chini palepale, mgongo kwenye gurudumu lile lile. Nikasikia pazia likisogea kidogo, na minong'ono mirefu, na mama anasema eeh, eeh, eeh. Kisha akaniambia, polepole, kama mtu anayekariri kitu asichokielewa:

"Anasema umeziacha za kikoi."

"Za nini?"

"Za kikoi. Kuna waya zina kitambaa cha kikoi. Anasema marehemu alimwambia leso inapeleka, kikoi kinarudisha. Kila taa ina zake mbili."

Niliingia chini ya dashibodi bila kumjibu. Zilikuwepo. Nilikuwa nimeziona tangu siku ya kwanza, waya nyingine nyeusi zilizokunjwa pembeni, zina vipande vyeupe vyenye mistari ya buluu, na nikadhani ni matambara ya kufutia grisi. Sasa nieleze, kwa asiyejua. Gari la bati, umeme unakwenda kwenye taa kwa waya mmoja, kurudi unarudi kwa bodi lenyewe, bati lote ni njia. Ndivyo nilivyozoea, maisha yangu yote nimefunga magari ya bati. Faiba haipitishi umeme, ni kama ndoo ya plastiki. Umeme ulikuwa unafika kwenye taa, haujui njia ya kurudi. Mtu wa maboti analijua hilo akiwa usingizini. Kaka aliweka waya wa kwenda, akaufunga leso ya mkewe, na waya wa kurudi, akaufunga kikoi chake.

Mama akainuka kwenye mbuzi, akaja akainama, akakishika kipande kimoja kwa vidole vyenye nazi.

"Hiki si kile kikoi chake cha kulalia?"

"Ndicho. Kilichanika nyuma, si unakumbuka?"

"Nilimshonea mimi," akasema. Akakigeuza, akakigeuza tena. "Na nguo zake zote tulizitoa."

Mama akarudi akakaa, akakuna nazi ambayo ilikuwa imeshakwisha, anakuna kifuu.

Zile waya za kurudi nilizifunga siku hiyo hiyo, zote zikakutana kwenye boliti moja ya chesi. Jua lilikuwa bado halijatua. Nikawasha indiketa ya upande wa nyumba, na mwanga wa manjano ukapiga pazia, ukazimika, ukapiga, ukazimika. Mama akasema, "Mwanangu, umeliona?" Hakuwa anasema na mimi, alikuwa amegeukia pazia. Kutoka ndani nikasikia kicheko kifupi, cha mtu aliyesahau, halafu kikageuka kikawa kile kingine. Nikazima. Nikasikia mama anasema, "Mwache awashe," nikawasha tena, nikaiacha ikipiga pale pazia mpaka adhana.

Baada ya hapo kazi ilikuwa tamu, kama kitu kinaweza kuwa kitamu wakati ule. Shemeji alishona viti kwa turubai, ndani, kwa cherehani yake. Mimi nilikuwa napima kwa uzi, nafunga fundo, mama anaupeleka uzi dirishani. Kiti cha mbele cha abiria kaka alikuwa ameshakitengenezea fremu, kimesogezwa mbele na kunyanyuliwa, kwa sababu shemeji ni mfupi na kaka alitaka aone barabara. Mama alisuka ukili akashona mkeka wa sakafuni. Akasema zulia litanuka maji ya chumvi, mkeka utakung'utwa. Nilipoona kimebaki kidogo, nikajikuta navua vitu nilivyokwisha kuvifunga na kuvifunga upya. Mama aliniona.

Baba mdogo akaja wiki ya mwisho ya eda, akakaa kwenye baraza, akaniambia nilitembeze. Nikalizungusha uwanjani, nikapiga honi, nikawasha kila kitu kinachowaka. Akatikisa kichwa.

"Kuku watalala wapi sasa?" akasema.

"Kwako Waa."

"Mshenzi wewe," akasema, na akafuta macho kwa kofia.

Siku ya kutoka eda wanawake walijaa nyumbani, wakamuosha shemeji, wakamvisha leso mpya, ikasomwa dua. Mamake alikuwa akimngojea kwao Msambweni, ndiko alikokuwa anarudi kukaa. Mimi nilikuwa nimeliosha gari tangu alfajiri. Nilikuwa nimeshapanga kichwani: yeye mbele, kile kiti chake, mama nyuma. Akatoka mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza namwona tangu siku ya maziko, na alikuwa amekonda nusu ya mtu. Nikamwamkia, akaitikia akiangalia chini. Kisha akaingia nyuma, akakaa pamoja na mama, kama anavyotakiwa. Sijui nilikuwa nafikiria nini.

Baba mdogo akarukia kiti cha mbele. "Mkubwa hakai nyuma," akasema. Magoti yakamfika kidevuni. "Hiki kiti kimetengenezewa nani, mtoto wa chuo?"

Mama akamgusa bega kutoka nyuma. Akaelewa, na hakuuliza tena mpaka tumefika.

Tukashika barabara ya kusini. Watu walikuwa wanasimama kututazama, watoto wanapiga kelele, na ndipo hao niliowataja mwanzo walipopunga mikono. Karibu na Gazi upepo ukachukua kofia ya baba mdogo. Nikakanyaga breki. Akasema, "Iache, iache, nayo imechoka," na mama akacheka. Kioo cha katikati nilikuwa nimekigeuza kikitazama mbingu, ili nisimwangalie mke wa kaka akiwa nyuma yangu. Niliendesha kwa vioo vya pembeni.

Kule Msambweni tulipokewa, tukala, ikaombwa dua nyingine. Kisha baba mdogo akajikohoza, akasema mbele ya watu wote, "Mwanangu, tulipatana. Hili gari limewaka na limekuleta. Mwenye neno ni wewe. Tulifanyeje?"

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango. Nilikuwa najua jibu. Nilikuwa nimelijua kwa miezi, ndilo nililokuwa nikilifungia waya.

"Liuzeni, baba," akasema.

"Tuliuze?" Nilishaingia ndani kabla sijajijua. "Shemeji, tuliuze? Mimi nimefunga kibanda changu, nimegombana na kila mtu, nimelala juu ya mchanga, unaniambia tuliuze? Lile ni la kaka. Lile ndilo kaka."

"Kijana," baba mdogo akasema.

"Mwache," shemeji akasema. Ndipo aliponiangalia, mara ya kwanza, bila mama katikati. "Lile si kaka yako, shemeji. Mimi gari sikuwa nalipenda. Nilikuwa naogopa hata kulipanda, yeye anajua. Nilikuwa napenda kumshikia tochi."

Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Lakini kabla hamjaliuza," akasema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Kabla hamjaliuza, vile vya kikoi nifungulie uniletee. Vya leso viache. Leso ninazo. Chake sina hata kimoja."

Mama akafunika uso kwa buibui lake.

Tulirudi sisi watatu. Kiti cha nyuma alikaa mama peke yake.

Yule bwana wa Diani alipoliona likitembea, hakutaka tena injini peke yake, alilichukua zima. Nilimwomba muda kidogo kabla ya kuja kulichukua. Akauliza wa nini, nikamwambia kuna kitu cha marehemu ndani. Mtu mwema, hakuuliza zaidi.

Nililala tena chali chini ya ile dashibodi, safari hii nina tepu nyeusi na kalamu ya wino mzito. Ningeweza kuvikata kwa kisu nikamaliza mara moja. Sikuweza. Kaka alikuwa na fundo lake, la watu wa maboti, dogo, gumu, linajikaza kila unapovuta waya. Kila fundo alilifunga kwa mikono yake na kulimaliza kwa meno, unaona palipobanwa. Nilifungua moja moja kwa ncha ya msumari, chini ya dashibodi, kisha mgongoni mwa taa. Baadhi yaligoma nikayafungua kwa meno yangu, palepale alipouma yeye. Halafu natia tepu, naandika: kurudi, taa kulia. Kurudi, honi. Kurudi, breki. Mwandiko wangu mbaya. Mama alikaa kwenye mbuzi yake bila nazi, anavipokea kimoja kimoja, ananyoosha mapajani.

Nilivipeleka mwenyewe Msambweni, kwenye mfuko wa nailoni. Shemeji akatoka barazani, akavitoa, akaviweka mapajani kama mama alivyofanya. Akakileta kimoja puani.

"Vinanuka petroli," akasema.

"Niwie radhi, shemeji. Ningevifua."

"Ungevifua ningekurudisha navyo." Akakivuta tena. "Ndivyo alivyokuwa ananuka. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Niliaga nikaondoka, na njiani nilimgombeza dereva wa bodaboda bila sababu yoyote mpaka akasimama akaniambia nishuke nikapande nyingine.

Yamepita masika mawili. Juzi nilikuwa nimepanda pikipiki ya rafiki yangu, tunatoka Ukunda kuingia Diani, na mbele yetu nikaliona. Rangi ya ndimu, limejaa wageni, na nyimbo zinapigwa. Likafika kwenye tuta, dereva akapunguza mwendo, na taa ya breki ikawaka moja. Ya kulia tu. Ya kushoto imekufa.

"Lifuate," nikamwambia rafiki yangu.

"Kuna nini?"

"Lifuate, nakwambia."

Tulilikata mbele karibu na maduka. Dereva, kijana wa bara, akashuka na hasira zake, na mimi nina zangu. "Boss, unataka kuniua? Kwani shida ni nini?"

"Taa yako ya breki imekufa."

"Na wewe ni polisi?"

"Mimi si polisi. Sogea."

"Usiguse gari ya watu. Wewe ni nani?"

"Fundi wake," nikamwambia. Halafu nikaona nimesema kitu kisicho sawa, nikakirekebisha. "Fundi wake wa pili."

Akaniangalia, akaangalia wageni, wageni wakaangalia simu zao. Nikapiga magoti nyuma ya gari, nikaingiza mkono mgongoni mwa taa. Ukili wa mama ulikuwa bado sakafuni, umechakaa pembeni. Kile kitambaa cha leso cha korosho kilikuwa bado kimeshika, kimekuwa cheusi kwa vumbi na mafuta, fundo halijalegea hata kidogo. Kilicholegea kilikuwa changu. Tepu ilikuwa imeyeyuka kwa jua na waya wa kurudi umechomoka. Niliusafisha kwa kisu, nikausokota, nikaurudisha mahali pake. Tepu sikuwa nayo. Nikachana pindo la shati langu, nikaufunga, nikakaza kwa meno.

"Kanyaga breki," nikamwambia yule kijana.

Akakanyaga. Zikawaka zote mbili.

"Achia. Kanyaga tena."